Gari Kubwa Lataka Kutunzwa

Hapa Izimbya mvua za masika zikinyesha, Land Cruiser ndiyo miguu yetu. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 haiogopi tope, lakini inakunywa mafuta mengi.

Usiku mmoja tulimpakia mama mwenye uchungu wa uzazi kumpeleka Bukoba. Tangi karibu tupu! Mchana gari lilikuwa limebeba watu wa harusi. Tuliazima dizeli kwa mwenye mashine ya kusaga, tukafika. Mama na mtoto walipona.

Tangu siku ile tangi halishuki chini ya nusu, na kila asubuhi tunapima oili, maji na upepo wa matairi. Je, gari la usharika wenu likiitwa usiku huu, litaondoka?