Mbegu Umezipanda Wapi?

Chukua modeli ya 2D ya maji yanayopita polepole kwenye nguzo ya mviringo. Nyuma ya nguzo maji hujikunja na kuzunguka palepale, mizunguko miwili kama pacha. Sasa fungua data hiyo kwenye ParaView, programu huria iliyotoka mara ya kwanza 2002, uchore mistari ya mtiririko. Unaweza usiione mizunguko hiyo kabisa!

Kwa nini? Programu haijui unatafuta nini. Wewe ndiye unayeipa "mbegu", yaani nukta ambazo mistari inaanzia, halafu yenyewe inafuata mwelekeo wa maji hatua kwa hatua. Ukipanda mbegu zote upande maji yanakotokea, mistari itapita pembeni tu, maana maji yale ya nyuma yamejifungia.

Mimi nusura niandike kwenye tasnifu kwamba nyuma ya nguzo hakuna kitu. Hesabu zilikuwa sahihi, picha ndiyo ilinidanganya. Kwa hiyo panda mbegu nyuma pia, kisha linganisha na mishale ya kasi. Na ukimwonyesha msimamizi wako picha, mwambie mbegu umezipanda wapi.