Kabla ya stata kulikuwa na hendeli: Cadillac ya 1912 ilibadilisha nini?

Asubuhi ukitaka kuwasha pikipiki yako unabonyeza kitufe, injini inaitika, safari inaanza. Lakini ukienda kwenye mashine ya kusaga ambayo bado inawashwa kwa hendeli, unakuta kijana mwenye nguvu ndiye anayeitwa. Wazee na kina mama wanakaa pembeni, kwa sababu kila mtu anajua hendeli ikirudi nyuma inaweza kuvunja mkono.

Zaidi ya miaka 100 iliyopita, karibu magari yote ya petroli yalikuwa na tabia hiyo, hata yale ya matajiri. Leo tunaeleza habari za gari moja la kifahari la Marekani lililofungua njia ya kuondoka huko: Cadillac ya mwaka 1912.

Kiwanda chenyewe

Kampuni ya Cadillac ilianzishwa mwaka 1902 mjini Detroit. Aliyeiongoza ni Henry Leland, fundi ambaye ujana wake aliufanyia kazi katika viwanda vya silaha. Huko alijifunza kwamba kipande cha chuma lazima kiwe na kipimo kamili, ili kikiharibika kingine kiingie palepale bila kupigwa tupa.

Mwaka 1908 jambo hilo lilijaribiwa mbele ya watu huko Brooklands, Uingereza. Cadillac tatu zilifunguliwa nati kwa nati, vipuri vikachanganywa pamoja, na vingine vikatolewa na kubadilishwa na vipya kutoka stoo. Kisha mafundi wakayaunda upya magari matatu kutoka kwenye lundo hilo, na yakaendeshwa umbali wa kilomita 800 hivi. Kwa kazi hiyo Cadillac ilipewa tuzo ya Dewar. Kila mara unaponunua spea dukani na ikaingia bila kulazimishwa, unafaidi wazo hilo.

Tatizo la hendeli

Katika injini ya petroli, cheche inatakiwa kuwaka kwa wakati wake. Wakati ule dereva mwenyewe alirekebisha wakati huo kwa mkono. Akisahau kuuchelewesha kabla ya kuwasha, mafuta yaliwaka mapema, pistoni ikasukumwa kurudi ilikotoka, na hendeli ikageuka ghafla mkononi mwake. Vidole gumba, viganja na mikono ilivunjika. Inasimuliwa kuwa rafiki wa Leland alifariki baada ya kupigwa na hendeli akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika, na kwamba hapo Leland aliapa kutafuta dawa.

Dawa ilitoka kwa Charles Kettering wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme ya kufungulia mashine za kuhesabia fedha madukani. Wengi waliamini kwamba mota ya kuzungusha injini ya gari ingekuwa kubwa mno. Kettering aliona tofauti: mota hiyo haifanyi kazi siku nzima. Inahitaji kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache tu, kisha ipumzike. Kwa hiyo inaweza kuwa ndogo.

Mfumo wake ulikuwa na busara nyingine. Mota ile ile iliyowasha injini ilizungushwa na injini baada ya kuwaka, ikawa inatengeneza umeme wa kuchaji betri. Betri hiyo iliwasha pia taa. Kumbuka kwamba magari mengi ya wakati huo yalikuwa na taa za gesi, zilizowashwa kwa kiberiti.

Sifa za Cadillac ya 1912

• Injini: silinda 4, ukubwa wa lita 4.7 hivi
• Nguvu: farasi 40 hivi
• Kuwasha: stata ya umeme, bila kushuka kwenye gari
• Taa: za umeme
• Usukani: upande wa kulia, kama magari yetu ya Afrika Mashariki
• Bei: dola 1,800, wakati Ford Model T iliuzwa chini ya dola 700

Usishangae nguvu hizo kuwa chache. Gari dogo la leo lenye injini ya lita 1.3 linaizidi, kwa kuwa injini za zamani zilizunguka polepole na kukandamiza mafuta kidogo tu.

Stata hiyo iliiletea Cadillac tuzo ya Dewar kwa mara ya pili. Baadaye, kwa magari ya mwaka 1915, kampuni ilileta injini ya silinda 8 yenye umbo la V na nguvu za farasi 70, na usukani ukahamia kushoto. Ford Model T, gari la watu wa kawaida, ilianza kupata stata ya umeme mwaka 1919. Tangu hapo kuendesha gari hakukuhitaji tena misuli. Wanawake, wazee na watu wenye miili midogo waliweza kuwasha na kuondoka wenyewe.

Kwa wanaotumia hendeli hadi leo

Kama mashine yako bado inawashwa kwa mkono, tunakukumbusha mambo matatu. Kwanza, kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine. Usikizungushe kwenye hendeli. Pili, usivae nguo inayoning'inia, iwe kanga au mikono mirefu ya shati. Tatu, hendeli iliyochakaa na haichomoki vizuri injini inapowaka, ibadilishe kabla haijamuumiza mtu.

Una swali kuhusu mashine au chombo chochote? Tuma ujumbe kwa namba yetu ya kipindi, nasi tutalitafutia majibu.