Kriketi ya Nairobi: Enzi ya Viwanja vya Jumapili (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza iliishia Mombasa mwaka 1896, mwaka ambao Wakenya huuhesabu kuwa mwanzo wa kriketi nchini mwao. Leo simulizi inapanda na reli hadi Nairobi. Huko ndiko mchezo huu ulikojengewa viwanja na vilabu, ukapata na watu wa kuubishania kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi.

Pambano kubwa la kwanza la mji huo lilikuwa la Wazungu watupu. Kuanzia 1910, maofisa wa serikali walikutana na masetla. Wahindi, ambao walikuwa wakiucheza mchezo huo huo mitaa michache kutoka hapo, walibaki nje mpaka 1933, ilipoanza mechi ya Wazungu dhidi ya Waasia. Haikuwa timu moja ya watu wa rangi zote, bali rangi moja ikishindana na nyingine, kama ulivyokuwa utaratibu wa koloni zima katika shule, hospitali na makazi. Hata hivyo ilikuwa hatua. Mtoto wa fundi wa reli aliweza kumtoa ofisa wa serikali mbele ya umati, na hakuna amri iliyoweza kulifuta tukio hilo katika kitabu cha matokeo.

Waasia nao hawakuwa kundi moja. Masingasinga walikuwa na Sikh Union, Waismailia klabu ya Aga Khan, Waithnaasheri klabu ya Jaffery, Wagoa na klabu zao. Wahindu wa madhehebu ya Swaminarayan waliichezea Swamibapa, na Wapateli wa Kanbi waliichezea Kanbis. Kulikuwa pia na Sir Ali Muslim, na Gymkhana pale Ngara. Ligi ilichezwa hasa Jumapili, na familia zilikwenda uwanjani na vyakula vyao kana kwamba zinakwenda harusini. Aliyefungwa hakufungwa peke yake: ilifungwa jumuiya, duka na msikiti au hekalu lake. Fahari hiyo ndiyo iliyoifanya ligi kuwa kali. Fahari hiyo hiyo ndiyo iliyomfungia nje Mwafrika kwa miaka mingi, na historia ya mchezo huu haina budi kuyasema yote mawili.

Viwanja vyenyewe vilikuwa na tabia yao. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki, katikati ya uwanja palitandikwa mkeka mzito juu ya udongo ulioshindiliwa, badala ya nyasi fupi kama za Uingereza. Juu ya mkeka mpira huruka zaidi na kukata kona kwa ghafla. Mgeni aliyezoea nyasi alihitaji muda kuuzoea. Mwenyeji alikuwa ameuzoea tangu utotoni.

Wageni walikuja kweli, na mechi zao za kirafiki ndizo wazee husimulia zaidi. Klabu ya MCC ya London ilizuru Afrika Mashariki msimu wa 1957 na 1958, ikarudi mwishoni mwa 1963 chini ya nahodha M.J.K. Smith. Lakini ziara yenye uzito kuliko zote ilikuwa ya 1958, ilipokuja timu ya Afrika Kusini ya wachezaji wasio Wazungu ikiongozwa na Basil D'Oliveira wa Cape Town. Kwao hawakuruhusiwa kuichezea timu ya taifa. Huku walicheza mechi za kimataifa, wakahesabiwa kuwa wanakriketi. D'Oliveira alihamia Uingereza 1960, akaanza kuichezea timu ya taifa ya huko 1966. Miaka miwili baadaye serikali ya ubaguzi ilikataa kumpokea katika kikosi cha Uingereza, na ziara ile ikavunjika. Mtu ambaye Pretoria ilimwogopa alikuwa amekwisha kuonekana Nairobi miaka kumi kabla.

Mwaka 1975 ligi hizi zilipelekwa kwenye Kombe la Dunia la kwanza la wanaume. Timu ya Afrika Mashariki ilikusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Walikuwa wachezaji wa ridhaa, wenye kazi zao za kila siku, nao wakafungwa mechi zote tatu: na New Zealand, India na Uingereza. Glenn Turner wa New Zealand alipata mikimbio 171 bila kutolewa. Frasat Ali alijibu kwa 45, alama ya juu kabisa kwa timu yake siku hiyo. Katika kikosi hicho alikuwamo Don Pringle wa Nairobi. Oktoba mwaka huo huo, baada ya kutwaa wiketi sita katika mechi ya ligi, alifariki katika ajali ya barabarani. Mwanawe Derek, aliyezaliwa Nairobi, alikuja kuichezea Uingereza.

Kisha mlango ukafunguka. Vijana wa Kiafrika waliokulia karibu na viwanja waliingia vilabuni, mara nyingi ndugu kwa ndugu: akina Tikolo, Odumbe, Suji, na baadaye Obuya. Steve Tikolo aliiva akiichezea Swamibapa. Februari 29, 1996, katika Kombe la Dunia mjini Pune nchini India, timu ya Kenya chini ya nahodha Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikawatoa West Indies wote kwa 93. Waliotazama ligi ya Nairobi hawakuona muujiza. Waliona Jumapili zao zikilipa.

Oktoba mwaka huo Gymkhana ilipokea mashindano ya kuadhimisha miaka mia ya kriketi ya Kenya. Hapo Shahid Afridi wa Pakistan, akiwa kijana mdogo, alifikisha mikimbio mia kwa mipira 37 dhidi ya Sri Lanka, rekodi ya mechi za siku moja iliyodumu hadi Januari 1, 2014.

Alama za Afridi zimeandikwa kila mahali. Alama za mechi za ligi zimo katika vitabu vya matokeo vilivyolala makabatini na masandukuni, vikiliwa na mchwa. Msomaji mwenye kitabu kama hicho, picha ya timu au tangazo la mechi asikitupe. Akipigie nakala, aandike majina ya watu nyuma ya picha wakati wanaowatambua wangali hai, kisha akabidhi nakala kwa klabu au kwa Nyaraka za Taifa. Sehemu ya tatu itahusu Dar es Salaam na Zanzibar.