CD Isiyofungwa

Ndugu zetu wasomaji, baadhi yenu hutuletea CD zenye sauti za wazee waliokwisha fariki, nasi tukizitia katika kompyuta yetu huonekana tupu. Si tupu, mchomaji hakuzifunga. Aghalabu dawa yake ni kuirudisha CD katika kompyuta iliyoichoma, ikafungwe huko.

Mwali wa leza huchoma alama katika tabaka la rangi ya CD-R, nazo hazifutiki tena. Basi programu ikikuulizeni, msichague njia ya kuongeza na kufuta faili kama katika flashi, ijapokuwa ni nyepesi. Chagueni ile ya kuchoma mara moja na kufunga, kwa mpangilio wa ISO 9660 wa mwaka 1988, unaosomwa na karibu kila kompyuta. Kisha, na hili twalisisitiza, ijaribuni kwa jirani kabla hamjafuta sauti ya asili.