AFYA – Kindu: Huko Alunguli, dakika moja ya kuhesabu pumzi kabla ya kuvuka mto

Kwa mkaaji wa Alunguli, ugonjwa wa usiku unaleta maswali mawili. La kwanza: mgonjwa ana nini? La pili: tutavuka namna gani? Mtaa huu uko upande wa mashariki wa mto Lualaba, wakati mitaa mingine miwili ya mji wa Kindu, Kasuku na Mikelenge, iko upande wa magharibi. Hakuna daraja. Watu, mizigo, pikipiki na wagonjwa wanavuka kwa mitumbwi au kwa baki. Hospitali Kuu ya Rufaa ya Kindu iko ng'ambo ile.

Kuna magonjwa yanayoweza kungoja asubuhi. Mtoto anayeshindwa kupumua hangoji. Kwa hiyo swali la kwanza linapaswa kupata jibu mapema, wakati mto bado unavukika. Habari njema ni kwamba chombo cha kulijibu kipo hata katika kituo cha afya kisicho na umeme: macho ya muuguzi na saa inayohesabu sekunde.

Hesabu ya vifo inaonyesha uzito wa jambo hili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, OMS, nimonia iliua watoto 740,180 wenye umri wa chini ya miaka 5 duniani kote mwaka 2019. UNICEF nayo ilikadiria kwamba mwaka 2018 peke yake nimonia iliua watoto wapatao 40,000 katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Ni Nigeria, India na Pakistan tu zilizokuwa na vifo vingi zaidi.

Si kila homa ni malaria

Katika familia zetu, mtoto akipata joto la mwili, neno la kwanza ni malaria. Si ajabu, kwani Congo ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa wagonjwa wa malaria. Dawa inanunuliwa, siku mbili zinapita, mtoto anaendelea kuhema. Siku ya tatu ndipo anapelekwa kwa muganga, akiwa amechoka hata kunyonya.

Shida ni kwamba malaria na nimonia vinafanana mlangoni. Vyote vinaleta homa, na malaria kali inayomaliza damu inaweza pia kumfanya mtoto apumue haraka. Tena mtoto mmoja anaweza kuwa na vyote viwili. Kwa hiyo kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha kwamba ugonjwa upo, kazi ya muuguzi haijaisha. Bado anapaswa kufunua kifua na kuhesabu.

Dakika nzima, si nusu

Kuhesabu pumzi kunaonekana kama kazi ndogo, na ndiyo maana kunarukwa, hasa pale wamama ishirini wanapongoja kwenye benchi. Lakini kuna namna ya kukufanya. Mtoto anakaa kwenye mapaja ya mama, akiwa ametulia. Akilia, anaachwa kwanza anyonye na kutulia. Nguo inainuliwa ili tumbo na kifua vionekane. Muuguzi anahesabu kila mara kifua kinapopanda, kwa sekunde 60 kamili. Kuhesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4 kunadanganya, kwa sababu pumzi za mtoto mchanga haziendi sawasawa.

Kanuni za OMS zinasema pumzi ni za haraka zikifika 60 au zaidi kwa dakika kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, na 40 au zaidi kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, hesabu ikifika 60 inarudiwa mara ya pili ili kuhakikisha. Kwa mtu mzima aliyetulia, kawaida ni pumzi 12 hadi 20.

Baada ya hesabu, macho yanaendelea na kazi. Je, sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani mtoto anapovuta hewa? Je, mabawa ya pua yanapanuka? Je, anakoroma au kutoa mlio akiwa ametulia? Ulimi na midomo kwa ndani vina rangi gani? Kwa mtu mwenye ngozi nyeusi, upungufu wa hewa hauonekani kirahisi usoni, kwa hiyo mdomo unafunguliwa. Kisha masikio: mapafu yanasikilizwa mbele na nyuma, upande wa kulia na wa kushoto, ili kulinganisha.

Kuna dalili ambazo hazitaki mjadala: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Huyo ni wa hospitali, leo hii.

Mashine ya kidoleni inasaidia, lakini si hakimu

Tangu janga la COVID-19, ambalo kisa chake cha kwanza nchini kilitangazwa tarehe 10 Machi 2020, watu wengi wamejua ile mashine ndogo inayobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu. Ikionyesha chini ya 90 kwa mia, mgonjwa anahitaji oksijeni. Hata hivyo, kidole chenye baridi au rangi ya kucha vinaweza kuipotosha. Zaidi ya hayo, mwezi Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi mashine hii ilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wazungu. Somo kwa wauguzi wetu ni wazi: namba ikisema vizuri na mgonjwa akionekana vibaya, aaminiwe mgonjwa.

Huduma ambayo haingoji mashine

Mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani inahitaji umeme bila kukatika, na mtungi unahitaji kujazwa. Lakini kazi nyingi za uuguzi hazingoji umeme. Mgonjwa anaketishwa nusu wima, mgongo ukiegemea mito au mikono ya ndugu, kwa sababu kulala chali kunalemea mapafu. Pua ya mtoto iliyoziba inasafishwa kwa maji yenye chumvi kidogo yaliyoandaliwa hospitalini. Anapewa maziwa ya mama kidogo kidogo, mara nyingi. Akiwa anahema sana, asilazimishwe kunywa, kwani maji yanaweza kuingia mapafuni. Pumzi zinahesabiwa tena na kuandikwa, pamoja na saa. Hesabu moja ni picha tu. Hesabu tatu zinaonyesha mgonjwa anakwenda wapi.

Nimonia isiyo na dalili za hatari inatibiwa nyumbani kwa amoksisilini ya vidonge vinavyoyeyuka, mara 2 kwa siku, kwa siku 3 hadi 5 kama muuguzi alivyoandika. Mama arudi baada ya siku 2 au 3 hata kama mtoto anacheza, na arudi mara moja akizidiwa. Kumdondoshea mafuta puani au kumpa dawa za majani kwa njia ya nyuma hakusafishi kifua. Mafuta yakifika mapafuni yanaongeza ugonjwa.

Kabla ya mtumbwi

Kama lazima mgonjwa atumwe upande wa pili, mambo matatu yafanyike ukingoni huku. Kwanza, dozi ya kwanza ya dawa itolewe kabla ya kuondoka, kwa sababu hakuna anayejua mtumbwi utachelewa kiasi gani. Pili, barua iandikwe: hesabu ya pumzi, oksijeni ya damu kama imepimwa, dawa gani imetolewa na saa ngapi. Tatu, mama afundishwe namna ya kumbeba: mtoto wima kifuani pake, amefunikwa asipate baridi ya mto, lakini pua na mdomo viwe wazi. Kitenge kinachofunika uso wote kinamkatia hewa yule yule tunayetaka kumwokoa.

Na watu wazima?

Yeyote mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi apimwe kifua kikuu. Matibabu yake kwa kawaida ni miezi 6, na dawa hazilipiwi. Mwenye pumu aliyekosa kifaa cha kuvutia salbutamoli anaweza kusaidiwa kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa chini: tundu hilo linashika kinywa cha pompi, mdomo wa chupa unashika kinywa cha mgonjwa.

Kinga nayo ipo. Chanjo dhidi ya vijidudu vya nimokoki iliingia katika ratiba ya watoto nchini mwaka 2011, na ile ya surua inalinda mapafu pia, kwani nimonia ni moja ya njia kuu ambazo surua inaulia watoto. Moshi wa kuni na makala usikae chumba kimoja na mtoto anayelala.

Daraja juu ya Lualaba si jambo la muuguzi wala la mama. Lakini dakika moja ya kuhesabu iko mikononi mwao. Mzazi naye anaweza: funua nguo, angalia tumbo, tumia saa ya simu, ambayo inafanya kazi hata bila mtandao. Hesabu ikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa mkubwa wake, usingoje siku ya tatu. Nenda kabla giza halijafunga mto.