Mashine Ndogo ya Michezo: Ni ya Mtoto au ya Baba?

Mama mpenzi, usishangae baba watoto akirudi na kiboksi cha kijivu kinachoenea kiganjani, kisha akaketi sakafuni mbele ya televisheni kama mtoto wa darasa la nne. Hiyo ni mashine ya michezo ya video, mfano mdogo wa ile iliyotamba miaka ya 1980. Kampuni ya Nintendo ya Japani ilianza kuiuza Novemba 2016. Bei yake Marekani ilikuwa dola 60 hivi, ikagombaniwa hata walanguzi wakapata la kufanya.

Mama yake, yaani mashine ya asili, ilitoka Japani mwaka 1983. Wakati huo biashara ya michezo hiyo ilikuwa imeanguka Marekani, na wenye maduka hawakutaka kuisikia. Basi ilipopelekwa huko mwaka 1985 ilivishwa sura ya deki ya video, kaseti ikatumbukizwa kwa mbele.

Katika hii ndogo mlango huo upo, lakini ni pambo tu, haufunguki. Michezo 30 imekwisha kuwekwa ndani. Ipo hata njia ya kuitia picha mistari-mistari kama televisheni za zamani. Tulizitupa televisheni zile, sasa twalipia kasoro zake! Na huko kuketi sakafuni kuna sababu: waya wa kishikio haufiki hata mita moja. Katika mashine ya pili, ya mwaka 2017, waya ulirefushwa na vishikio vikawa viwili.

Kwa mama mwenye nyumba, uzuri wake mkubwa ni mwingine. Zamani ukiita, "Chakula tayari," ulijibiwa, "Ngoja kidogo, nikizima nitaanza upya." Mara nyingi ilikuwa kweli. Hii humwezesha mchezaji kuhifadhi mahali alipofikia, nafasi nne kwa kila mchezo, akaendelea kesho. Kisingizio kimekwisha. Tena haiunganishwi na intaneti: hakuna mgeni wa kuzungumza na mwanao, wala mchezo unaomdai fedha katikati kama ilivyo kwenye simu.

Lakini mtoto aliyezoea simu huenda akaichoka upesi, maana michezo ile ni migumu na haibembelezi. Anayeililia zaidi ni baba. Wala jina kubwa si dhamana: Sony ilitoa yake Desemba 2018 kwa dola 100, ikiwa na michezo 20, na haukupita muda mrefu bei ikashushwa.

Ile ya 2016 ilisimamishwa mwaka uliofuata, ikarudi kwa muda mwaka 2018. Ndiyo maana bandia ni nyingi. Muuzaji akijisifu kuwa yake ina michezo 620, na nyaya zake ni za rangi nyekundu, nyeupe na njano, hiyo ni ya kuiga. Halisi ina michezo 30 na tundu la waya wa HDMI. Ya kuiga nayo huchezeka, ila usiilipie bei ya halisi, na iwashwe mbele yako kabla hujafungua pochi.