Kisanduku Kidogo Nyuma ya Televisheni

Mtu akipita mtaa wa Himbi, hapa Goma, karibu na ziwa Kivu, aona sahani za chuma juu ya mabati ya nyumba nyingi. Zote zatazama upande wa satelaiti yake, iliyo juu ya ikweta, mbali kilomita karibu 36,000. Sahani yapokea picha, dekoda yazifungua, na baba mwenye nyumba alipa kila mwezi. Asipolipa, kioo chabaki cheusi.

Huko Marekani, tangu mwaka 1948, watu wa miji iliyofichwa na milima walipelekewa televisheni kwa waya. Kwetu waya wa namna hiyo haukufika. Na nani angependa kuchimba mifereji katika mawe haya ya volkano?

Siku hizi kimeingia kitu kipya: kisanduku kisichozidi ukubwa wa kitabu cha sala, ambacho huchomekwa nyuma ya televisheni. Hakitaki sahani wala waya wa barabarani. Chataka intaneti tu, nacho chaleta vituo vile vile vya habari, vya mpira na vya watoto. Lakini intaneti nayo hununuliwa. Picha ya kawaida yala kama giga moja kwa saa. Picha safi sana yaweza kula giga tatu. Mtu asiyejua kupunguza ukubwa wa picha hushangaa kuona mega zake zote zimekwisha kabla mchezo haujafika nusu.

Baba mmoja wa jirani zangu alijikuta katika shauri hilo mwezi wa Juni 2025. Mji wetu ulikuwa umetwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari mwaka ule; uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, mabenki pia, na fedha taslimu zilikuwa adimu. Malipo ya dekoda yalikuwa yamemshinda. Wanawe walitaka mpira. Mama yake mzee alitaka kitu kimoja tu: kumwona Floribert akitangazwa Mwenye Heri.

Wasomaji wetu wamjua Floribert Bwana Chui, kijana wa Goma, mtu wa jumuiya ya Sant'Egidio, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Aliikataa rushwa, asiruhusu chakula kilichooza kuingia kuliwa na watu. Kwa sababu hiyo aliuawa Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Sherehe yake ilipangwa Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta, Jumapili tarehe 15 Juni 2025. Nani wa Himbi angeweza kwenda?

Basi yule baba akaenda kutafuta kisanduku. Mchuuzi akamwonyesha viwili. Kimoja kilikuwa kitupu: mwenye kukinunua hutafuta mwenyewe yaliyo ya bure na kuyalipia yaliyo ya kulipwa. Cha pili kilikuwa kimejazwa tayari mamia ya vituo, hata vile vya kulipiwa, "bila kulipa tena, Muzee, mpaka kife." Na bei zilikaribiana.

Hapo ndipo palipo na shida, na wengi hupita bila kusimama. Vituo vile vina wenyewe. Aliyevifungua kwa hila ameiba, na anayemlipa amenunua mali ya wizi. Amri ya saba haikuandikwa kwa ajili ya mbuzi na kuku tu. Tena visanduku vya namna hiyo huweza kubeba programu za siri zinazopeleleza nyumba, na picha zisizofaa macho ya watoto zikiwa bila kufuli.

Yule baba aliniambia hakufikiri sana. "Nitawezaje kumtazama Floribert kwa kitu cha wizi?" Akachukua kile kitupu. Wanawe wakanuna siku mbili.

Jumapili ile jioni watu wa shirika lao walijaa sebuleni, wengine dirishani. Saa ya Roma na ya Goma ilikuwa moja. Kijana wa kwanza alipunguza ukubwa wa picha ili mega zitoshe, na nyuso za Roma zikawa na ukungu kidogo. Nikamsimulia mama mzee habari za Mtakatifu Klara wa Asizi: usiku wa Noeli mwaka 1252, akiwa mgonjwa kitandani, aliiona na kuisikia ibada iliyokuwa ikifanyika kanisani mbali naye, ndiyo sababu Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa televisheni. "Yeye hakununua mega," akajibu, na watu wakacheka.

Kadinali Semeraro aliposoma barua ya Papa, picha ikasimama. Kijana akatoa simu yake mwenyewe, akatoa mega alizoziweka kwa ajili ya mpira, akaunganisha. Picha ikarudi wakati pazia la picha ya Floribert lilipokuwa limekwisha kufunguliwa. Mama mzee alikuwa tayari amepiga magoti.